Soketi Nne Tupu

Machi 3

Daftari la kazi lina safu tatu: tarehe, idadi, kasoro. Hakuna safu ya mtu kuandika roho yake ikoje. Ndiyo maana nimenunua hili la pili, la kurasa mia. Nitaliandika mpaka mvua zikatike, maana mvua zikikatika ndipo mambo ya mwanangu yatakapoamuliwa, na nikikaa nayo kifuani miezi yote hii nitaugua.

Shule niliishia darasa la nne. Atakayeona makosa ya kuandika aninyamazie.

Machi 4

Nieleze vizuri, nisije nikasoma mwenyewe baadaye nikapotea. Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha vifaa vya umeme. Tuko wanawake saba kwenye meza moja ndefu, tunaunganisha. Tunatoa vitu viwili: kipimo cha friji za dawa, kile kinachopiga kelele friji ikipata joto, na kifaa cha kuzima pampu tangi likijaa. Ukivifungua, ndani ni kibao kilekile cha kijani. Tunakiita msingi. Unachukua msingi, unachomeka kihisi cha joto, umepata kipimo cha friji. Unachomeka kihisi cha maji, umepata cha pampu. Na ukingoni mwa msingi kuna soketi nne tupu, vitundu vya kuchomekea, zisizo na kazi. Zinangoja vitu ambavyo bado hakuna aliyevibuni.

Aliyeubuni msingi ni mwanangu wa kuzaa. Kazini wote wanamwita Injinia, na mimi namwita hivyohivyo. Mimi ni Mama Injinia. Siku ya kwanza nilipomwamkia "Habari za asubuhi, Injinia" alicheka mpaka akakohoa.

Mkuu wa masoko, nitamwandika Bwana Masoko, hautaki msingi. Amepata kampuni ya maghala ya baridi inayotaka vipimo elfu kumi vya bei ndogo. Anataka kila mteja atengenezewe kibao chake mwenyewe, kidogo, kisicho na cha ziada. Jana alimwambia mkurugenzi, na mlango wa kioo ulikuwa wazi tukasikia meza nzima: "Tunalipia matundu matupu. Mteja hali matundu."

Mwanangu akajibu kwamba kuna zahanati ya wazazi inaomba kengele ya vitanda vya kupasha joto watoto wachanga. Kuanza kibao kipya ni kazi ya mwaka. Kwa msingi na zile soketi, ataitoa kabla mvua hazijakatika. Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa kupima kila kitu mara mbili, akasema sawa. Maghala nayo yanataka jibu wakati huohuo, mazao yakianza kuingia. Kengele ikitoka, msingi unabaki. Isipotoka, kila bidhaa itakuwa na kibao chake, michoro itanunuliwa nje, na chumba cha usanifu kitafungwa.

Chumba cha usanifu ni mwanangu na meza yake.

Machi 5

Mvua. Vipimo 41. Kasoro 0.

Machi 9

Nyumbani tuna sheria yetu: kazi inaishia mlangoni. Tuliiweka nilipoajiriwa, maana kuna waliosema nimeingia kwa mgongo wa mtoto. Nikiwa na swali la msingi najaza fomu kama mfanyakazi mwingine, na fomu inapanda ngazi mpaka kwake.

Leo nimeivunja kidogo. Nikiwa namenya viazi nimesema, kama mtu anayejisemea, "Si umpe tu hicho kibao chake, mambo yaishe?"

"Mama. Mlangoni."

"Naongea na viazi."

"Viazi haviko chumba cha usanifu."

Ana kichwa kigumu cha baba yake. Nimemzaa mimi lakini kichwa ni cha yule. Naogopa. Mtu ana kazi nzuri, anashindana na wakubwa kwa ajili ya matundu.

Machi 10

Mvua. Vifaa vya pampu 36. Bwana Masoko ametushikia mwavuli mmoja mmoja kutoka getini mpaka mlangoni, viatu vyake vikalowa. Ni mtu mwenye adabu, siwezi kusema uongo.

Machi 17

Bi Mkasi, jirani yangu wa mezani, tunayemwita hivyo kwa ulimi wake, ameniuliza leo: "Mama Injinia, mwanao ana nini na matundu? Angekuwa sungura ningeelewa."

Meza ikaangua kicheko. Nikacheka na mimi, halafu nikaona vibaya.

"Umesahau mwaka juzi kabla ya msingi?" nikamwambia. "Ulifunga kibao cha pampu kwenye boksi la friji. Kikafika hospitali kikakaa kinangoja maji."

"Vilifanana."

"Havikufanana. Vilikuwa vya aina tatu, kila kimoja na skrubu zake, karatasi yake, na fundi wake wa kumpigia simu ambaye hapokei. Ulilia."

"Sikulia, nilikuwa na mafua."

Wenzetu wakasema alilia. Narudi nyumbani nikawaza, mbona mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau? Mwaka juzi vidole vilikuwa vinauma mpaka nashindwa kufunga kitufe cha gauni. Sasa haviumi. Sikuwahi kujiuliza nani aliyeviponya.

Machi 26

Paa linavuja upande wa ghala. Vipimo vinane vimerudishwa na wateja wa bondeni, vina kutu ndani ya soketi tupu. Kutu ni kidogo na vinafanya kazi vizuri, lakini Bwana Masoko amekibeba kimoja kwenye sahani kama kipande cha keki, akapita nacho chumba kwa chumba. "Mabanda ya kufugia kutu," amesema. Mwanangu amekitazama, akarudi mezani kwake. Masikio yalimwiva. Nayajua masikio yale tangu ana miaka mitatu na nusu.

Sikula vizuri.

Aprili 2

Nimepata la kufanya. Sitaandika leo, nitaandika likiisha.

Aprili 4

Limeisha. Kuna gundi ya silikoni, ile laini ya bomba, tunayoziba nayo mahali waya unapoingilia kwenye boksi. Maji hayapiti. Kwa siku tatu, kabla ya kuunganisha na wakati wenzangu wanakula, nimeziba soketi tupu za misingi yote ya akiba iliyoko rafuni, ile isiyoguswa mpaka ya kila siku iishe. Misingi mia mbili na arobaini, soketi nne nne. Nimeziba kwa uangalifu, juu nikapasawazisha kwa kucha, ukipitisha kidole husikii mwinuko. Kutu haina pa kukaa sasa. Wala sikujaza fomu, maana fomu ingepita kwa Bwana Masoko naye angesema, si mnaona, hata mama yake anajua yana kasoro.

Nimeandika kwenye daftari la kazi: nimeziba soketi dhidi ya kutu, 240.

Nimelala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Machi.

Aprili 5

Mvua kubwa. Vipimo 44. Kasoro 0.

Aprili 11

Mwanangu ana furaha. Anapiga mluzi bafuni. Sijauliza, ni sheria.

Aprili 15

Vifaa vya pampu 39.

Aprili 22

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Leo saa nne asubuhi amekuja nesi mkuu wa zahanati, mama mnene mpole mwenye saa ya kubandika kifuani. Mkurugenzi alikuwepo, Bwana Masoko alikuwepo, na kitanda kidogo cha mtoto kimewekwa katikati ya chumba, taa yake juu. Sisi tulikuwa mezani, ukuta ni kioo, tunaona na kusikia. Nesi akamwambia mwanangu, "Injinia, mimi nikigusa mtoto kwa mkono nikamsikia baridi, nimeshachelewa. Nataka kitu kinachoniita kabla."

Mwanangu akasema, "Hiki kitakuita." Vihisi vya mtoto alishavitengeneza, vidogo kama punje ya dengu, kazi ya wiki sita. Vilikuwa vimejaribiwa kwenye msingi wake wa zamani, ule wa mezani kwake. Sasa akataka kuonyesha kwamba msingi wowote kutoka rafuni unafaa. Akachukua mmoja. Akachomeka. Kihisi hakikuingia. Akageuza, akasukuma, hakikuingia. Akachukua wa pili. Wa tatu. Kufika wa sita naona mgongo wake tu, na masikio.

Bwana Masoko akauinua mmoja kwenye mwanga. "Imezibwa. Hata kiwanda kinachotutengenezea vibao kimechoka na matundu yako, Injinia."

Mkurugenzi akauliza misingi mingine iko wapi. Mwanangu akasema hakuna, ile ya kila siku imekwisha, na mzigo mpya ni miezi miwili.

Na mimi, niliyeziba, nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nimeshika bisibisi. Sikusema. Bi Mkasi alinitazama, nikaangalia skrubu. Nesi akaaga. Sikusema. Mwanangu akapita nyuma ya kiti changu, akanigusa bega kama anavyofanya akiwa amechoka, na bado sikusema.

Aprili 23

Sijasema.

Bi Mkasi amenivuta kando ya ndoo za maji. "Ukurasa wa daftari la kazi uchane. Karatasi moja. Nitasema nimefutia mikono."

Nimeushika ukurasa ule. Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri kabisa, nimeuchora herufi moja moja kama mtoto wa shule. Nikaona, yaani mimi nimwachie mwanangu alaumiwe, na kiwanda cha watu kilaumiwe, kwa ajili ya mkono huu? Nimelifunga daftari. Kesho.

Aprili 24

Nimekwenda chumba cha usanifu bila fomu. Alikuwa anachokoa soketi kwa pini, macho mekundu.

"Injinia, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliziba mimi. Kwa ajili ya kutu. Nilitaka wasikucheke."

Akaweka pini chini taratibu. "Zote?"

"Mia mbili na arobaini."

Nilitegemea kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, nimelea. Akasema kwa sauti ndogo: "Mama, vitu vingine vyote kwenye kile kibao mtu yeyote angeviweka. Zile soketi ndiyo kazi yangu. Kuacha nafasi pale, kujua ipi, ya ukubwa gani, mahali gani, ilinichukua miaka miwili. Wewe umeijaza gundi."

Kisha akaniambia nitoke, ana kazi.

Mimi nilidhani alisahau kuweka kitu pale. Miaka miwili namwona anarudi na macho yamevimba, namwekea chakula, sikujua anahangaikia nafasi tupu.

Aprili 25

Hatusemeshani. Nyumbani hakuna hata mluzi.

Aprili 28

Bwana Masoko ameniita ofisini kwake. Amenipa kiti kizuri, amenimiminia chai mwenyewe.

"Mama yangu, nimesikia yote. Na mimi nasema wewe huna kosa. Mtu anayefanya kazi kwa moyo, akapewa kitu chenye matundu yasiyo na kazi, atafanya nini? Kosa ni la muundo." Akanisogezea karatasi. "Weka saini tu hapa."

Nimesoma kwa kidole, sikuona haya. Iliandikwa kwamba muundo wa msingi unawachanganya mafundi wa mezani.

"Nani amechanganyikiwa?" nikauliza.

"Ni lugha tu ya ofisi."

"Mimi sikuchanganyikiwa, baba. Nilijua ninachofanya mwanzo mpaka mwisho. Nilikosea na akili zangu zote."

Akacheka kidogo, akaacha. "Ukisaini, nafasi yako haitaguswa. Usiposaini, kuna kanuni. Kubadilisha kifaa bila idhini ni kusimamishwa. Nakuambia kama mwanao."

"Mwanangu ninaye."

Nikamwomba kalamu. Uso ukamchangamka. Nikageuza ile karatasi, nyuma yake nikaandika: Mimi ndiye niliyeziba. Msingi hauna kosa. Nitazizibua. Nikasaini hapo, nikamwachia na chai yake.

Nikarudi mezani kwangu, nikashika bisibisi.

Mei 2

Leo kiwanda kimefungwa lakini mlinzi ametufungulia. Nimesema ametufungulia kwa sababu nilitegemea kuwa peke yangu, nikamkuta Bi Mkasi kwenye ngazi na wengine watano.

"Nani amewaita?"

"Tumekuja kuangalia mtu akijiumiza," Bi Mkasi akasema. "Bure."

Pini inakata silikoni vipande, ndiyo maana mwanangu alishindwa. Mimi niliijaza, najua ilivyokaa. Unapinda ncha ya sindano kama ndoana, unaingia pembeni, unafika chini, unazungusha, halafu unavuta polepole bila hasira. Inatoka nzima, mche mdogo wa gundi wenye alama za soketi. Kisha brashi na spiriti. Nimewaonyesha. Saa sita mchana tulikuwa na bakuli limejaa.

Saa nane mwanangu ameingia. Hakunisalimu. Ametoa kifaa chake cha kupimia, akavuta kiti mwisho wa meza, akaanza kupima misingi iliyosafishwa, mmoja mmoja. Mizima huku, mibovu kule. Tumefanya mpaka jioni. Mibovu ishirini na tisa. Mizima mia mbili na kumi na mmoja.

Kurudi nyumbani tumetembea pamoja, yeye mbele hatua mbili. Karibu na nyumba akapunguza.

Mei 3

Mvua nyepesi. Nimepumzika.

Mei 6

Nimejaza fomu ya kwanza yenye pendekezo, si swali, tangu niajiriwe. Nimependekeza kofia ndogo ya mpira ya kuvaa kwenye soketi tupu, inazuia unyevu, na kihisi kikija unaivua. Bi Mkasi amesahihisha neno "unyevu", amekosea.

Mei 9

Nesi amerudi. Mwanangu alikuwa ameshasimama karibu na kitanda, mkurugenzi akamzuia.

"Leo sitaki kuona kwa Injinia. Injinia anaweza kufanya lolote likafanya kazi. Nataka kuona mezani." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Yule aliyeziba."

Bwana Masoko mwenyewe akachagua misingi mitatu kutoka trei ya chini kabisa. Nikavaa miwani. Wa kwanza nikaufanya kipimo cha friji, wa pili cha pampu. Wa tatu nikachomeka vile vihisi vya mtoto kwenye soketi mbili ambazo mimi mwenyewe niliziziba na mimi mwenyewe nikazizibua. Viliingia kama mguu kwenye ndala. Dakika kumi na tisa kwa vyote vitatu, karani alikuwa na saa.

Cha friji kikalia tulipofungua friji. Cha pampu kikazima pampu tangi lilipojaa. Kisha wakazima taa ya kitanda, tukangoja kipoe. Dakika moja. Mbili. Dakika ya nne Bwana Masoko akatazama saa yake, nikamwona nesi anataka kunyoosha mkono aguse shuka, akajizuia. Dakika ya tano.

Dakika ya sita kengele ikalia.

Nesi akaweka kiganja kwenye shuka. "Bado pana joto," akasema. "Imeniita kabla." Akakaa kwenye kiti cha karibu, kilikuwa changu.

Mkurugenzi akaniuliza mimi, sijui kwa nini, kama nina la kusema.

"Mwaka juzi tulikuwa na vibao vya aina tatu," nikasema. "Kutoka hapo kwenda kufanya hiki cha watoto mngehitaji cha nne, na trei ya nne, na watu wa kuilinda. Leo mmesubiri dakika kumi na tisa. Mkirudisha vile vya zamani, tafuteni mtu mwingine akae kwenye ile meza. Mimi sikai."

Bwana Masoko akasema, bila ubaya, "Mama yangu, unamtetea kwa sababu ni mwanao."

"Nilimharibia kwa sababu ni mwanangu. Hapa nasema kama fundi."

Mkurugenzi akafikiri, akapima, akapima tena. Msingi unabaki. Maghala yaambiwe watapata kipimo kilekile wanachopata wengine, kwa bei yake, wakikataa wakatafute kwingine.

Jioni nimemkuta Bwana Masoko kwenye ngazi, hana mwavuli. "Vipimo elfu kumi vimeniponyoka," amesema. "Nilikuwa nimeshawaahidi." Nimempa pole, na nilikuwa na maana hiyo. Mtu hakuwa mbaya. Anaona mteja aliye mbele yake tu, na huyo anamwona vizuri.

Mei 12

Karani ameleta barua yangu chumba cha usanifu, akaniita na mimi. Kubadilisha msingi bila idhini: kusimamishwa mwezi mmoja bila mshahara. Kanuni ameitunga mwanangu mwenyewe, siku ya kwanza ya msingi. Inahitaji saini ya mkuu wa usanifu, ambaye ni yeye.

Ameishika kalamu muda mrefu. "Nitaandika onyo tu. Umezizibua mwenyewe, umekiri mwenyewe."

"Kanuni inasemaje?"

"Mama, mimi ndiye niliyeiandika, naweza—"

"Injinia. Ukiniachia mimi, mwezi ujao Bwana Masoko atakuja na mteja analia, anataka soketi moja ikatwe. Utamwambia nini? Kwamba msingi haubadilishwi, isipokuwa na mama yako? Saini."

"Utakula nini mwezi mzima?"

"Nitakula kwako. Nina mtoto mkuu wa usanifu."

Karani akageukia dirishani. Mwanangu akasaini, herufi zikakwenda upande. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikavua aproni na kumkabidhi mkononi. Nimetoka kwa mlango wa mbele saa tano asubuhi, wenzangu wote wakiniona, na sikuinamisha kichwa.

Mei 15

Siku ya nne haijanyesha, mvua zimekatika. Asubuhi mwanangu amevaa, amechukua mkoba, amefika mlangoni, akasimama.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana. Kusaini nilikuambia mimi, lakini nimekasirika."

"Mimi pia, kwa ile gundi."

"Najua. Nenda kazini, utachelewa."